Hodi Elfu Nne

Ambakisye, mtoto wa marehemu dada,
alinitengenezea bango la ndani ya simu:
mbegu zangu kwenye tenga,
macho ya viazi yameanza kuchipua,
na chini yake: MBEGU SAFI, ISYONJE, BEI YA SHAMBANI.
Nikalilipia laki na themanini,
pesa ya mifuko miwili ya mbolea.
Akasema, Mama mdogo, kila atakayelibofya
ni mtu amepiga hodi.

Wiki ya kwanza: hodi elfu nne mia tatu na kumi na mbili.
Nikafagia uwanja.
Nikaazima mizani kwa Nsajigwa,
nikawaambia vibarua wasiondoke Jumamosi.
Simu nikaifunga kifuani, ndani ya kanga,
kama kifaranga kisije kufa na baridi ya Juni.
Haikulia.

Ililia mara moja. Kampuni inanikumbusha bando.

Mimi lumbesa naijua.
Nimeuza viazi miaka ishirini na sita,
nimeona gunia likishonewa kilemba juu ya kilemba
hadi linakaa kando ya barabara kama mjamzito,
na mnunuzi, bila aibu, anahesabu: moja.
Huo ni wizi wenye jasho. Mwizi unamwona,
unajua hata mkewe anauza nini Igawilo.
Lakini hili la kunijazia gunia upepo,
kulishona, kulipima, kisha kunidai kilo,
hili sikufundishwa.

Tukakaa jikoni na Ambakisye, makaa yanafifia,
tukasoma saa za hodi zile.
Saa nane usiku, hodi. Sekunde saba, hodi.
Sekunde saba, hodi. Sekunde saba.
Hadi alfajiri, sakitu imelala juu ya nyasi,
hata mbwa wamejikunja pua mkiani,
nani huyo anayetafuta mbegu?
"Si mtu," akasema. "Ni programu.
Kuna mwenye ukurasa mahali fulani,
analipwa kwa kila mbofyo,
basi kaifundisha mashine kubofya."
Kwa hiyo mashine inapiga hodi, mimi naitikia karibu,
na kila karibu yangu ni shilingi arobaini na ushei.

Mteja namjua.
Mteja husita.
Hupita kama haoni, akarudi,
hukwaruza kiazi kwa ukucha wa dole gumba
aone kama ganda limekomaa,
hunusa udongo, huitukana bei,
huondoka hadi kwenye mikaratusi kule,
ndipo anageuka: "Mwisho ngapi?"
Katika hodi elfu nne
hakuna kidole kilichosita.

Nishtaki wapi? Kwa balozi wa nyumba kumi?
Nimwambie nimeibiwa na asiye na mguu,
nyayo zake ni namba?

Usiku mmoja, kwa uchungu, nikalibofya mwenyewe.
Nilitaka kuona wanachokiona.
Viazi vyangu vikatokea, vizuri kuliko vilivyo.
Asubuhi nikakuta nimetozwa.
Nimejipigia hodi, nimejikaribisha, nimejilipisha.
Ambakisye alicheka palepale.
Mimi nilicheka Jumapili, katikati ya sala,
wakadhani nalia.

Sasa Alhamisi hii, taa nimeshazima,
ukungu umeshuka hadi kizingitini,
nikasikia mlangoni: Hodi.
Nikanyamaza.
Nikahesabu. Moja, mbili, tatu,
nne, tano, sita,
saba.
Kimya.
Nane. Tisa.
Kisha kikohozi, na ndoo tupu ikitua chini.
"Mama Tusekile, upo? Naambiwa una mbegu.
Ila hela yote sina."